Nyumba Iliyopanda Mlima

"Nyumba ya mmoja, mabega ya wote."

Mbah Giman alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye ukuta wa mianzi aliokuwa akiusuka. Vijana waliotumwa kumpasulia mianzi walikuwa wameanza kunung'unika. Ukuta wenyewe ulikuwa wa jiko la mjane fulani wa upande wa pili wa kijiji, na jua lilikuwa kali. Waliposikia msemo ule wakatazamana, kisha binti mmoja aitwaye Lestari akauliza:

"Mbah, nyumba tunaijua na mabega tunayajua. Hivyo viwili vilikutana wapi?"

Mzee akacheka, meno yake machache yakaonekana. "Vilikutana hapa hapa Wonoredi, mjukuu wangu, kabla mama zenu hawajazaliwa. Endeleeni kupasua mianzi, nami nitawaeleza msemo huo ulivyozaliwa."

Na hadithi yake ilikuwa hii.

Zamani hizo Wonoredi kilikuwa kijiji kidogo cha wakulima, mgongoni mwa mlima mmoja wa kisiwa cha Java. Chini kulipita mto. Juu kulikuwa na mashamba ya mihogo, na katikati majaruba ya mpunga yalishuka kama ngazi, kila jaruba likimpitishia maji jirani yake wa chini. Watu hawakuwa na vingi. Walikula wali mavuno yakiwa mapya, na mpunga ulipopungua ghalani walikula unga wa mihogo mikavu, wakamshukuru Mungu kwa vyote viwili. Lakini mtu akifiwa, jiko lake halikupoa, na mtu akiozesha hakutafuta kuni. Barazani kwa mkuu wa kijiji lilining'inia gogo lililotobolewa tumbo, wenyewe waliliita kentongan. Likigongwa kwa haraka ni moto au mwizi. Likigongwa taratibu ni kazi ya wote, na kila mtu huacha alichoshika akaenda.

Katika kijiji hicho aliishi mama mmoja aitwaye Kasinem. Mumewe, fundi seremala, alikuwa amefariki, na binti zake walikuwa wameolewa mbali. Kasinem hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila palipokuwa na kazi, yeye alikuwa amekwisha fika. Mwanamke akishikwa na uchungu, Kasinem ndiye aliyekuwa akichemsha maji. Msiba ukitokea, wenye msiba walipoamka walimkuta jikoni kwao amekwisha pepeta mchele. Wakati wa kuvuna hakuna aliyemshinda kwa kisu kidogo cha kukatia masuke. Vidole vyake vilikwenda kama kuku anayedonoa.

Watu walimpenda, lakini walikuwa na lalamiko moja juu yake. Mkono wa Kasinem ulijua kutoa, haukujua kupokea. Ukimpelekea bakuli la mchuzi, jioni bakuli lilirudi na ndizi. Ukimwambia, "Mbakyu, paa lako linavuja, tuje tukusaidie?" alijibu, "Linavuja kidogo tu, nimekwisha weka ndoo." Mbakyu maana yake ni dada mkubwa, na ndivyo wote waliokuwa wadogo kwake walivyomwita. Hakuwa na kiburi. Alikuwa amelelewa na bibi yake aliyemfundisha kwamba mtu mwema hamlemei mwenzake, naye aliyashika mafundisho hayo kwa nguvu zake zote.

Nyumba ya Kasinem ilikuwa chini kabisa, karibu na mto. Mumewe aliijenga kwa nguzo nne za mti wa fenesi, mbao za manjano zilizokuwa zikiwaka kama asali jua la asubuhi lilipoingia. Juu ya kila nguzo alichonga ua la yasmini, kwa kuwa mkewe alipenda kuvaa yasmini nyweleni siku za sherehe. Kasinem alizifuta nguzo hizo kila Ijumaa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi.

Mwaka mmoja mvua kubwa za mlimani zilishusha mawe na mchanga, mto ukabadili njia. Badala ya kupita moja kwa moja, ukajikunja na kuja kuugonga ukingo wa upande wa Kasinem. Kwanza ulichukua migomba yake. Halafu ukachukua banda la kuku, ingawa kuku walipona. Kila mvua iliponyesha udongo ulimeguka, na Kasinem akiwa amelala alisikia mabonge yakidondoka majini. Alikuwa na kishamba cha mihogo juu mlimani, karibu na nyumba ya sala, penye ardhi ngumu. Alijua kwamba nyumba lazima ihamie huko. Hilo halikumsumbua akili. Kilichomsumbua ni wakati.

Maana mpunga ulikuwa umeiva. Na haukuwa mpunga wa mwaka wowote tu. Msimu uliotangulia wadudu walikuwa wameunyonya mpunga wa kijiji kizima ukabaki makapi, na watu walikuwa wamekula mihogo mikavu hadi watoto wakaichukia. Aliyeumia zaidi alikuwa Darmin, jirani yake, mwenye mke aitwaye Ngatinah na watoto wadogo. Darmin alikuwa hakupata hata debe moja. Sasa jaruba lake ndilo lililozaa kuliko yote, masuke yameinama kwa uzito, na mawingu ya mvua za nje ya msimu yalikuwa yameanza kujikusanya mlimani. Kila mkono kijijini ulihitajika shambani.

"Nikisema nyumba yangu inakwenda na maji," Kasinem aliwaza, "wataacha mpunga waje kwangu. Nawajua. Na watoto wa Ngatinah watakula nini?"

Basi akaamua kuihamisha nyumba peke yake.

Asubuhi, wenzake walipokuwa wakiteremka majarubani, yeye alituma salamu kwamba mgongo unamuuma. Kisha akaegemeza ngazi, akapanda paani, akaanza kuvua vigae kimoja kimoja. Alivipanga katika vikapu viwili, akavibeba mzegamzega, kikapu mbele na kikapu nyuma, akakwea navyo mlimani kwa njia ya nyuma isiyopita mashambani. Akavitua, akashuka, akapanda paani tena. Mgongo aliousingizia ukaanza kuuma kwelikweli. Hata hakufikiria zile nguzo atazibebaje. Alijiambia kwamba akimaliza vigae, Mungu atamwonyesha.

Huko shambani Ngatinah hakuwa na raha. Alikata masuke huku akigeuka nyuma kila mara.

"Mbakyu hajawahi kukosa mavuno," alimwambia mumewe. "Hata alipofiwa na mume alikuja kabla arobaini haijaisha. Huo mgongo ni mgongo gani?"

Akaacha kisu, akaenda nyumbani, akasaga manjano na ukwaju, akatia sukari ya mnazi, akapata dawa ile ya kunywa ambayo wanawake wa huko huiamini kwa kila maradhi. Akaitia bakulini, akalifunika kwa jani la mgomba na kuteremka nayo kwa Kasinem.

Aliita mlangoni, asijibiwe. Akaita tena. Sauti ikamjibu kutoka juu:

"Nani?"

Ngatinah akainua uso. Nusu ya paa haikuwa na vigae. Na mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa juu ya boriti, kilemba kichwani, vumbi jekundu usoni, kigae mkononi.

"Nimekuletea dawa ya mgongo," Ngatinah akasema polepole.

Kasinem akakificha kigae nyuma yake. "Iweke hapo chini, mdogo wangu. Nitakunywa nikishuka."

Ngatinah akazunguka nyuma ya nyumba. Huko akaona kile ambacho hakuna aliyekuwa amekiona, kwa sababu Kasinem alikuwa amezoea kuwapokea watu mbele na kuwaaga mbele. Ukingo wa mto ulikuwa umefika chini ya ukuta wa jiko. Mzizi wa mgomba ulining'inia hewani juu ya maji ya kahawia. Ngatinah aliliweka bakuli chini, akaipandisha kanga yake magotini, akakimbia.

Alirudi na Darmin, mundu ukiwa bado mkononi mwake. Darmin aliutazama mto, akalitazama paa, akamtazama mama yule aliyekuwa sasa ameshuka na kusimama kando ya ngazi kama mtoto aliyekutwa akidokoa.

"Kwa nini hukusema, Mbakyu?"

"Mpunga wenu umeiva, Darmin. Angalia mlimani."

"Nimeshaangalia. Nimekuuliza kwa nini hukusema."

"Nyumba ni yangu," Kasinem akajibu. "Shida yake ni yangu. Siwezi kuwatia njaa watoto wenu kwa ajili ya mbao za fenesi. Nendeni shambani. Nawaomba."

Darmin alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo sauti yake ilipanda.

"Mama yangu alipofariki, ulikuja kwetu kabla hatujamaliza kulia. Nani alikuita? Mke wangu alipopata uchungu wa huyu wa mwisho, mvua ikinyesha, ulikuja umelowa mpaka mifupani. Nani alikuita? Kila siku unatupa, Mbakyu, nasi tunapokea kwa furaha. Lakini kile kitamu unachokipata wewe ukitusaidia, sisi unatunyima. Unataka tuwe watu wa kupokea tu mpaka tufe?"

Katika maisha yake yote Kasinem hakuwahi kulifikiria jambo hilo kwa upande huo.

"Mvua itaulaza mpunga wako, mdogo wangu," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Darmin akageuka kulitazama jaruba lake. Lilikuwa la manjano tupu, na upepo ulipopita masuke yaligongana yakatoa sauti kama mvua nyepesi. Ngatinah naye alitazama huko huko. Mtu asidhani kwamba lilikuwa jambo rahisi. Mume na mke walisimama wakiangalia chakula cha mwaka mzima, na wingu juu yake. Kisha Ngatinah akanyoosha mkono, akamtoa mumewe mundu mkononi. Darmin akaelewa.

"Mpunga wangu bado umeshika udongo," Darmin akasema. "Nyumba yako udongo umeiachia. Nyumba ni yako, Mbakyu, sikatai. Lakini mabega ni yetu."

Akaenda kwa mkuu wa kijiji, na punde gogo likaanza kulia taratibu: to, to, to. Katika majaruba yote watu waliinua vichwa. Wakachomeka miundu katika matuta, wakaja. Mkuu wa kijiji mwenyewe, Pak Wiryo, alikuja na matope hadi kiunoni, na alipoambiwa ni kitu gani hakuuliza habari za mpunga wake. Alisema tu, "Leteni mianzi mirefu na kamba za minazi. Tuifikishe juu kabla wingu halijashuka."

Wakavua vigae vilivyobaki kwa kupokezana mikononi. Wakazifungua kuta za mianzi, wakazikunja kama mikeka. Ilibaki mifupa ya nyumba: nguzo nne, boriti na makombamoyo. Wakafunga mianzi chini ya boriti, mirefu kwa mirefu, mifupi ikikatiza. Wanaume wakaingia chini yake wakajipanga, na wanawake wenye nguvu wakajaza nafasi zilizobaki. Kasinem naye alitaka kuingia. Kila alipojaribu kuweka bega mtu alimwambia, "Hapa pamejaa, Mbakyu." Akazunguka nyumba yake yote hivyo, akikataliwa kwa heshima kila upande.

"Wewe tangulia," Pak Wiryo akamwambia. "Unajua unakotaka kukaa. Tuonyeshe njia."

Basi akatangulia. Alikwea hatua chache, kisha akasikia kishindo nyuma yake, akageuka. Hakukisahau alichokiona mpaka siku ya kufa kwake. Nyumba yake, ile aliyoingia akiwa bibi harusi, ile alimotolewa mumewe akiwa maiti, ilikuwa imeota miguu. Ilikuwa inakuja. Maua ya yasmini juu ya nguzo yalipanda na kushuka polepole juu ya vichwa vya watu, na chini kulikuwa na nyayo zisizohesabika zenye matope ya majarubani. Kasinem akashika shavu, machozi yakamtoka.

Hakupata muda wa kulia. Njia ilipofika kwenye mfereji wa maji ilijipinda na kuwa nyembamba, na ardhi ilikuwa na utelezi. Waliokuwa mbele wakavuka, wa nyuma wakasukuma mapema mno, na upande mmoja ukazama. Boriti zikalia. Darmin alikuwa upande huo, na uzito ukamwangukia yeye na mwenzake hata goti lake likagusa tope. Kila mtu alianza kupiga kelele lake: "Inua!" "Ngoja!" "Kushoto!" "Si kushoto!" Nyumba ikayumba, ikaelekea kuinamia bondeni.

Ndipo sauti ya Kasinem ilipopaa juu ya zote. Hakujua imetoka wapi. Ilikuwa sauti ya kinuni, ile ambayo wanawake wa Wonoredi huitumia wanapotwanga mpunga pamoja, michi ikipishana bila kugongana.

"Mchi juu!" akaita. "Mchi chini! Mchi juu! Mchi chini!"

Wanawake waliokuwa chini ya mianzi wakaitikia kwanza, maana miili yao iliujua wimbo huo tangu utotoni. Halafu wanaume nao wakaushika. Kelele zikafa, ikabaki sauti moja. Kwenye "juu" wote waliinua, Darmin akapata kutoa goti lake topeni. Kwenye "chini" wote walikanyaga. Nyumba ikasimama sawa, ikavuka mfereji, ikakwea. Kasinem alitembea kinyumenyume mbele yake, mikono hewani, akiita mpaka sauti ikakauka, na hakunyamaza hadi nguzo nne zilipotua juu ya mawe katika shamba lake la mihogo.

Mvua ikaanza. Walitandika mikeka na makuti juu ya makombamoyo, wakajibana chini yake, wakicheka kama watoto. Kasinem akachemsha chai katikati ya nyumba isiyo na ukuta, akaitia sukari ya mnazi kwa wingi, akawa anapitisha vikombe. Alipomfikia Darmin alimkuta anatazama bondeni. Mvua ilikuwa inapiga kama mishale, na chini kule jaruba la manjano lilikuwa linalala, upande baada ya upande, kama nywele zinazochanwa. Darmin alipokea kikombe.

"Chai nzuri, Mbakyu," akasema.

Kasinem akakaa karibu naye, wakatazama pamoja.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imekatika. Nyumba ya Kasinem ilikuwa bado uchi, vigae vimelundikwa chini ya mihogo. Yeye hakuvigusa. Alichukua kisu chake kidogo, akashuka. Ngatinah alipofika kwenye jaruba alimkuta amekwisha ingia, maji magotini, akiinua mpunga ulioanguka fungu kwa fungu, akiutikisa matope na kuukata suke kwa suke. Mpunga uliolala majini haungoji, siku mbili tatu huanza kuota. Na nyuma ya Kasinem walikuwapo wanawake wote wa kijiji, na wazee, na hata wale ambao mpunga wao wenyewe ulikuwa umelala. Walianza na wa Darmin kwa sababu ndiye aliyeuacha wa kwanza. Kisha wakaenda jaruba kwa jaruba. Hawakuokoa wote, sitawadanganya. Sehemu iliota ikatupiwa bata. Lakini mwaka huo hakuna mtoto wa Wonoredi aliyelala na njaa.

Mavuno yalipokwisha ingia ghalani, mto ulifurika tena. Asubuhi watu walikwenda kuangalia pale palipokuwa nyumba ya Kasinem, wakakuta maji yanapita, yametulia, kama mtu ambaye hajafanya lolote.

Siku hiyo hiyo Ngatinah alikuwa anaanika mpunga uani kwake. Akamwona Kasinem amesimama kwenye ua, hana bakuli, hana ndizi, hana kitu mkononi. Amesimama tu, anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Karibu, Mbakyu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu." Akageuka kuondoka. Akarudi. "Ni vile vigae, mdogo wangu. Siwezi kuvipandisha peke yangu. Nilikuwa..." Akaliachia pindo. "Naomba mje mnisaidie."

Ngatinah akaacha mpunga wake. Kwanza alitaka kucheka, halafu akaona jinsi uso wa mama yule ulivyokuwa, macho yake mwenyewe yakajaa maji. Akaita ndani:

"Darmin! Njoo upesi! Mbakyu ana neno." Kisha akamgeukia Kasinem. "Tafadhali sema tena, na yeye asikie."

Darmin akatoka, na Kasinem akasema tena, safari hii bila kukwama. Darmin akainama kidogo, kama mtu anayepokea zawadi kwa mikono miwili.

"Ahsante, Mbakyu," akasema.

Paa lilikamilika siku hiyo hiyo. Walipokuwa wanateremka ngazi Pak Wiryo alimtania Kasinem, akamuuliza, "Haya, mama, sasa nyumba hii ni ya nani?" Kasinem akazitazama nguzo za mumewe, akawatazama watu waliojaa uani kwake na vumbi jekundu mwilini. Akajibu maneno ambayo watu waliondoka nayo kinywani, wakayapeleka majarubani na sokoni, na wana wao wakayarithi.

Mbah Giman alikuwa amefika mwisho wa ukuta. Akaukunja ncha, akauinua, na vijana wakaona kwamba wamekwisha pasua mianzi yote bila kujua. Hakuna aliyenung'unika tena kwamba jiko lile ni la mwingine. Lestari alishika ncha moja ya ukuta, wenzake wakashika nyingine, wakaubeba begani kuelekea upande wa pili wa kijiji, na mzee akabaki akiwaangalia.

Nyumba ya mmoja, mabega ya wote.